Makaa ya Reykjavik

Kijiwe chetu sisi Wakongo wa Beechmont, mtaa wa Louisville, Marekani, ni benchi lililo nje ya duka la Athanasi, karibu na kituo cha basi. Hapo hunywewa kahawa ya tangawizi, na hapo hutengenezwa dunia upya. Alhamisi moja ya Oktoba 2015, Rakeli alikuja amevaa koti lake la kanisani. Wiki iliyotangulia alisimama mbele ya darasa la Kiingereza la watu wazima kueleza jinsi Reykjavik, mji mkuu wa Aisilandi, ulivyokua miaka mia iliyopita. Kiingereza kikamtoroka, akaketi bila kumaliza. Mwalimu akampa nafasi nyingine: jioni hiyo.

— Leo sitakaa chini, alisema. Munisikilize kwanza.

— Sema, dada, akajibu Masumbuko, tunayemwita Meya kwa kuwa hakuna mji asiojua kuuongoza.

— Bon. Reykjavik ilikuwa kamuji kadogo. Mashua za injini zikakuja, samaki ikakuwa mingi, batu bakaacha mashamba. Bakajenga bandari.

— Samaki mkunje angali mbichi! Meya akadakia. Bale balimukausha, njo bakatajirika.

— Ile methali haiko vile, akasema Athanasi. Yeye ni Katapila, maana akifunga duka huenda ghalani kuendesha mashine ya kunyanyulia mizigo. Muji, akaendelea, inakomazwa na mashini. Rakeli, haukusema balileta treni?

— Ya kubeba mawe ya bandari tu.

— Unaona! Mawe ikiisha, treni inabeba batu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Donc batu ba Reykjavik balitokea chini ya kitanda? Meya akauliza. Hapana, ni baridi! Kukiwa baridi, batu banakaribiana, bakikaribiana, banazaa. Muji ya Buffalo na ile theluji yake itapita New York, mutaona.

— Basi friji ya Katapila ingekuwa imezaa muji, Rakeli akasema.

Tukacheka. Yeye hakucheka.

— Muniache nimalize. Makaa ya meli, nani alishusha? Banamuke. Balibeba magunia ku mugongo. Bengine balisafisha samaki na maji ya baridi mpaka mikono ikapasuka.

Kituoni alikuwa amesimama Nzigire, aliyefika Louisville mwezi uliopita kutoka kambi ya wakimbizi. Mtoto mmoja alikuwa mgongoni, mwingine ameshika kitenge chake. Akageuka.

— Mama, unisamehe. Bale banamuke bakiwa ku bandari, batoto balibakia na nani?

Katapila akammiminia kahawa.

— Sijui, Rakeli akasema. Kitabu haisemi. Juu ya nini unauliza?

— Jumatatu ninaanza kazi ku kiwanda. Sina mutu wa kubaachia.

Basi lilikuwa linakata kona. Rakeli akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara.

— Ile mulango ya buluu. Mi natumika kazi mangaribi, isipokuwa siku ya masomo. Asubui niko nyumba na batoto bangu. Uniletee na bako.

Jioni ile alisimama darasani. Alipofika kwenye makaa, Kiingereza kikakwama tena. Akashika mgongo wa kiti, akaanza sentensi upya, akamaliza. Kisha akawauliza wenzake swali la Nzigire. Mwalimu naye akasema hajui.

Jumatatu, kabla ya mapambazuko, mlango wa buluu uligongwa. Mtoto mkubwa hakungoja kukaribishwa. Aliingia, akavua viatu, akavipanga kando ya vile vya watoto wa Rakeli.