Mlima Unaogonga

Kijiwe chenyewe ni benchi la mawe nje ya baa ya Casilda, karibu na daraja, mto chini na mwamba juu. Kila saa nne asubuhi wenyewe wapo: Leoncio, anayeitwa Profesa kwa sababu zamani aliwabebea ndoo wachimbaji wa mambo ya kale, Ponciano Breki, dereva mstaafu wa lori, na Eutimio Fuko, aliyezaliwa katika nyumba ya pango ndani ya mwamba huo kama baba na babu yake, na bado analala humo humo. Leo Fuko hajagusa kahawa. Siku ya tatu hii ukuta wa nyuma wa chumba chake unagonga, na kesho anakuja injinia wa halmashauri. Injinia akisema mlima unatembea, Fuko atafungasha virago kwenda kwa binti yake mjini Albacete, ghorofa ya nne. Anaogopa, na hafichi.

– Unagongaje? Breki akauliza.

– Ko, ko, ko. Kimya. Halafu ko tena. Saa nane mchana unanyamaza, saa kumi na moja unaanza upya.

– Hayo maji, kaka. Mto umeingia kwa chini, unatafuta njia ya mkato. Haba na haba hujaza kibaba.

– Mto unalala mchana? Profesa akamcheka. Toa ujinga. Hao Warumi. Kuna mgodi wao humo ndani.

– Warumi walishakufa, bwana wee!

– Nani aliwaona wakizikwa? Paka akiondoka, panya hutawala.

– Methali hiyo imeingiaje hapo?

– Imeingia kwa mlango. Wewe sikiliza tu.

Casilda akaja na birika, akamimina bila kumtazama Fuko usoni.

– Basi ni treni, Breki akapandisha dau. Serikali inachimba reli ya siri, Madrid mpaka baharini, inapita chini ya kitanda cha Fuko.

– Kitanda changu?

– Na mchana wanapumzika. Watu wa serikali hao, unategemea nini?

Profesa akashusha sauti.

– Ukweli mnauogopa. Mlima uko hai. Tumeuchimba tumbo miaka mia nane, sasa unataka kututapika. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Fuko akakisukuma kikombe mbali. Wa kwanza kutapikwa atakuwa yeye.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mama mmoja mgeni, begi mgongoni, viatu vyeupe kwa vumbi la kupanda kwenye ngome ya kale juu ya mwamba.

– Samahani, wazee wangu, akasema. Upande wa pili wa ukuta huo anakaa nani?

Breki akaona kitu cha kutazama mtoni. Profesa akakoroga kikombe kitupu. Mapango ya pande mbili za mwamba ule yanapeana migongo, na hilo hata kuku wa kijiji wanalijua. Lakini nyuma ya ukuta wa Fuko anakaa Ginés, ndugu yake wa tumbo moja. Miaka kumi na moja iliyopita waligombania pango la marehemu mama yao, na Fuko akaapa kwamba atakayelitaja jina hilo kijiweni hatamsalimia tena. Wenzake wakatii kupita kiasi.

– Ginés, Fuko akasema mwenyewe.

Basi inayogonga ni sururu ya Ginés. Kwao mtu hashiki sururu kwa starehe. Chumba huchimbwa ukoo unapopata mtoto.

– Kazaliwa nani? Fuko akauliza.

– Mjukuu wake, Casilda akajibu. Wa kike. Wiki ya tatu sasa.

– Wiki ya tatu! Na nyie mnanikalisha hapa na Warumi?

– Si ulitukataza, Fuko?

– Anaitwa nani?

– Obdulia.

Jina la mama yao. Fuko akajifunika uso kwa kofia, mabega yakatikisika, na Breki alidhani analia mpaka kicheko kilipomtoka. Machozi nayo yalikuwepo. Mlima hautembei! Hahami! Ghorofa ya nne wakae wenye ghorofa. Akasimama, akashika njia ya kuzunguka mwamba, njia ambayo hajaikanyaga tangu ugomvi ule.

– Kahawa yako je?

– Mpeni huyo mama. Mimi nakwenda kumwambia yule mpumbavu apunguze kasi, la sivyo Jumapili atatokea kitandani kwangu.

– Na injinia kesho tumwambie nini?

– Mwambieni hakuna kinachobomoka, Fuko akapaza sauti bila kugeuka. Tumeongezeka tu.