Kopo la Samli Chini ya Gari

Katika basi la mji wa Irbid, mbele yangu walikaa Nawwaf na shemeji yake Ghazi, wakigombana kwa sauti ya chini ambayo basi zima liliisikia.

"Nilikuazima gari umchukulie dada yangu siku ya harusi," alisema Nawwaf. "Nani alikwambia ukate sailensa?"

"Kila bwana harusi mtaani anakata, shemeji. Ulitaka tupite kimya kama tunakwenda kuzika?"

Mimi misafara hiyo ya harusi imenikosesha usingizi miaka mingi, lakini hakuna aliyeniuliza.

"Na baadaye? Fundi yupo, wewe ukalala chini ya gari ukaziba ekzosi kwa kopo la samli na waya. Moshi ukaingia ndani, mama yuko kiti cha nyuma, na mimi naendesha nikidhani amesinzia."

Ghazi aliukumbatia mfuko wake wa machungwa. "Mama mwenyewe ndiye aliyetaka mtaa mzima usikie binti yake anaolewa. Alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka."

Basi likasimama mbele ya hospitali. Nawwaf akainuka.

"Basi ingia ukamkumbushe," alisema. "Mimi namwita tangu Ijumaa, hanisikii."