Gauni Lililopita Kaunta Namba Tatu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wenzangu wa kaunta mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimeishia kwa wakubwa: nawasalimu nyote.

Nimeombwa niage baada ya miaka kumi na tisa ya kupokea abiria. Ndugu Mkurugenzi amelisifu tabasamu langu. Nashukuru. Ndicho kitu pekee tulichowahi kukitoa bure pale kaunta namba tatu.

Nami niwarudishie sifa. Nani mwingine angebuni kuuza safari ya ndege kwa bei ya jozi ya viatu, kisha amtoze abiria kwa begi, kwa kiti, hata kwa kuchapishiwa kadi ya kupandia ndege? Mmeziita huduma za hiari. Hiari gani hiyo, mama achague kulipia kiti cha karibu na mwanawe wa miaka minne, au amwachie mgeni, safu kumi nyuma? Sikatai, nauli zetu zimewapandisha ndege watu waliokuwa wakizisikia tu zikipita juu ya mabati yao. Asiye na mzigo anasafiri kwa raha. Lakini nani huenda kwa watu wake mikono mitupu?

Asubuhi moja, mwaka juzi, alisimama mbele yangu bibi mmoja, fundi cherehani, kidole gumba kimeota sugu ya mkasi. Alikuwa akienda kwenye harusi ya mjukuu wake, yatima aliyemlea mwenyewe, na gauni la bibi harusi alikuwa amelishona kwa miezi mitano. Lilikuwa ndani ya mfuko mrefu. Nikautia mfuko kwenye kile kisanduku chetu cha chuma cha kupimia. Ukabaki nje kiasi cha kiganja. Nikamtajia ada. Ilikuwa mara mbili ya nauli yake.

Hakupiga kelele. Aliniuliza kama sikukosea. Nikamweleza, kama mlivyonifundisha, kwamba angelipia mtandaoni mapema ingekuwa nusu. Akasema simu yake ni ya vitufe, na tiketi alikatiwa na jirani. Akafungua pochi, akachungulia, akaifunga. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, na nguo niliyoivaa mwilini, nayo mnaitoza?"

Nikamwambia, "Bado, mama."

"Basi njoo unisaidie vifungo vya mgongoni."

Nikatoka nyuma ya kaunta, nikamvika lile gauni juu ya nguo zake. Mjukuu ni mwembamba, vifungo vikagoma katikati. Nikavishikiza kwa pini. Bwana mmoja, aliyekuwa akinigombeza kwa kumchelewesha, aliinama akaliinua pindo lisiburuzike sakafuni, akamsindikiza hivyo mpaka mlangoni. Yule bibi wa miaka sabini alikwenda kichwa juu. Mimi nilirudi kitini, nikashindwa kumtazama abiria aliyefuata.

Ndugu Mkurugenzi, kesho yake uliniita ofisini. Ulikuwa umeziona picha za kamera. Hukuuliza yule bibi ni nani, wala kama alifika. Uliuliza kwa nini hakulipa. Nikaondoka na barua ya onyo, na wiki ileile ukatoka waraka: atakayevaa "mavazi yasiyolingana na safari" atatozwa. Wanasheria wetu mmo humu ukumbini. Mliketi wangapi kuiandika sentensi hiyo?

Gauni lilifika safi, na binti akaolewa nalo. Bibi alikuja mwenyewe kaunta kuniambia. Kurudi alikuwa amepanda basi, siku mbili njiani, na mizigo yake yote ikapakiwa bila mtu kuipima.

Leo mmenizawadia tiketi ya bure. Nimeisoma mpaka nyuma, kwenye maandishi madogo kama sisimizi. Haina begi. Naiacha hapa mezani, apewe mkuu wa idara yeyote asiye na cha kubeba.

Wenzangu wa nyuma, nina neno moja kwenu. Wakubwa hawa hawamwoni abiria, wanaona jedwali. Ninyi ndio mnaomwona uso. Siku mtakapomtajia mtu ada na aibu ikawashika, msiifukuze. Hiyo aibu ndiyo inayowafanya muwe watu.

Nawashukuru kwa kunivumilia hadi mwisho, hasa mliotaka kuninyang'anya kipaza sauti. Kwaherini.