Moto wa Makapi Chini ya Chungu cha Mama Feza

Bwana apewe sifa na ninyi wote mulioketi hapa, hata ule anasinzia pale nyuma! Ndugu zangu, mimi sikusoma. Lakini leo niko shahidi: Mungu anaweza kupita hata ndani ya masomo.

Munamujua bibi yangu wa ndoa, Mama Feza, anayepikia watu wa treni maharagi. Kuni, njo mimi nilikuwa naleta. Siku moja nikaanguka nazo, mguu ukavimba, kiboko angeuona angeuita ndugu yake. Nikalala juma mbili. Kuni zikaisha, chungu kikapoa, wateja wakatukimbia. Nikaomba: Baba, leta kuni. Kuni hazikuja. Akakuja Alubeti, mutoto wa dada yangu, kwa konje ya inivesite, masomo yamefungwa.

Ule Alubeti, zamani neno lake lilikuwa moja tu: biro, kazi ya ofisi. Atamaliza masomo, ataketi biro ya Wazungu, chini ya feni. Lakini mwaka ule mwalimu aliwafundisha somo la kujianzishia kazi. Akawatuma: kila muntu atafute shida moja ya kwao, aijaribu kwa mikono yake, arudi aeleze, hata kama ilimushinda.

Alubeti akaenda kwenye mashine ya kukoboa mupunga, akabeba makapi yale wanatupa. Akatoboa debe ubavuni, kule chini, akapitisha kijiti pale, akasimamisha chupa katikati, akajaza makapi.

"Mujomba, haya yatapika."

"Yatakupika wewe," Mama Feza akamujibu.

Moshi uliotoka, ndugu zangu, kuku wetu walikimbia mpaka Lokandu, hawajarudi. Akajaribu tena, makapi yakabomoka, moto ukafa. Akajaribu tena. Nikasema sasa atarudia neno lake la biro. Hapana, anacheka, anaandika ndani ya kaye, daftari lake la masomo! Mwisho akanyang'anya mwiko wa Mama Feza, akashindilia makapi kwa nguvu yote. Akatoa chupa na kijiti polepole. Tundu likabaki limesimama.

Akawasha kwa tundu la chini. Moto ukapanda katikati, safi, unanguruma kama simba aliyeshiba, na moshi hakuna. Mama Feza akanyamaza. Miaka yote ya ndoa, muujiza kama ule sikuona! Maharagi yakaiva, watu wa treni wakarudi na sahani zao.

Mimi nikalia. Makapi yale nilikuwa nayakanyaga kila siku nikienda kutafuta kuni mbali. Jibu la Mungu lilikuwa chini ya miguu yangu, linangoja muntu asiyeogopa kushindwa.

Alubeti amerudi masomoni na debe kichwani. Neno lile la biro halitaji tena.

Asante, Baba. Na wewe mwenye shida, mutegemee Mungu, usitupe debe kwa moshi wa kwanza. Asiyesadiki aje kwetu aweke mukono juu ya ule moto. Dawa ya kidonda Mama Feza anayo.