Aliyeusafisha Mfereji

Jambo la mwisho la kawaida nyumbani kwa Charo lilikuwa mkewe, Dama, kutoka alfajiri na gunia lake, akimwambia asisahau kuzima jiko. Aliporudi alisema kifua kinambana. Adhuhuri hakuwapo tena. Miezi mitatu ikapita kabla Charo hajarudi barazani, kwenye kona ya nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, pale mfereji wa maji ya mvua ya Mji wa Kale unapomwagikia baharini. Wenzake walimpa pole upya, wakamsogezea kikombe cha kahawa chungu, wakaendelea kubishana.

Ubishi wa jioni hiyo uliletwa na mgeni. Mwikali, afisa wa mazingira wa kaunti, alikuja na rasimu ya sera ya kuzuia taka baharini. Maoni ya wananchi yalikuwa yafungwe kesho yake saa sita.

Odera, mstaafu wa bandarini aitwaye Winchi, alishikilia kwamba taka zote ni za meli; kila meli ipimwe uzito ikiingia na ikitoka. Jefwa, aitwaye Wakili kwa kusoma magazeti ya wenziwe, alitaka wavu utandazwe kivuko kizima cha Likoni, uinuliwe kama pazia feri ikipita.

— Na taka zikipeperuka juu ya wavu? aliuliza Odera.

— Basi kila chupa iandikwe nambari ya kitambulisho cha aliyeinunua.

— Hata ya maji ya zamzam, Wakili?

— Hata hiyo. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana sheria ishughulike na chupa.

Odera aliunyooshea kidole mfereji uliojaa chupa na nepi. Mwaka jana, alisema, ulikuwa safi kama sinia la harusi. Miaka sita ameisifu kaunti kwa kazi hiyo, na maoni yake ni kwamba irudie ilivyokuwa ikifanya.

Mwikali alipekua orodha zake za wafanyakazi, akarudia tena tangu mwanzo. Mfereji huo haukuwahi kupangiwa mtu.

— Kwani alikuwa akiusafisha nani, wazee wangu?

Charo alikohoa.

— Dama.

Akaeleza polepole. Mkewe alifunga kipande cha wavu mkuukuu kwenye mdomo wa mfereji, na kila alfajiri akazoa kilichonasa, kabla mtu wa kwanza hajafika barazani.

— Na sisi tukiisifu kaunti mbele yako, bwana Charo, wewe kimya? aliuliza Odera.

— Nilimwambia mnavyoisifu. Akasema, waache waisifu, huenda ikaona haya ikaja.

Odera alicheka, kisha akavua kofia.

— Mwanamke yule, alisema.

Mwikali alimsomea Charo kifungu cha tisa cha rasimu: wakazi wahimizwe kujitolea kusafisha mifereji. Akamwuliza kama kinatosha. Charo aliomba nakala, akaenda zake.

Asubuhi yake alikuwa wa kwanza mlangoni mwa ofisi ya Mwikali. Alikikata kifungu kile kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake kwa herufi za kusomeka: kila mfereji uwekewe wavu, na mtu wa kuzoa taka zake aajiriwe, na akifa, awekwe mwingine siku hiyo hiyo.