Jina la Arobaini na Moja

Mchungaji, majirani wa Tawa na wageni mliotoka Kitui, maneno haya yanasomwa na Jonah Nzomo, ndugu wa marehemu, na yameandikwa na Mutindi, binti wa marehemu na kitinda mimba wake.

Marehemu Kisilu Nzomo alizaliwa Kalamba mwaka wa 1947, kitambulisho kinasema tarehe moja Januari, lakini mama yake, nyanya Mumbua, anasema ulikuwa msimu wa kuvuna mbaazi, naye ndiye aliyekuwepo. Alisoma hapo Kalamba hadi darasa la saba, mwaka wa 1963, kisha akaenda mjini Kitui kufunzwa kazi na mpiga picha, Mzee Salim Abdulkadir, ambaye sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba picha ni ya mwenye uso, haitundikwi hata dirishani kabla ya kumwuliza.

Mwaka wa 1970 alifungua studio hapa Tawa, na wengi wenu mlisimama mbele ya pazia lake la maua, mkishika ile redio ambayo haikuwahi kulia. Tarehe 11 Desemba 1971 alimwoa Syombua, wakajaliwa watoto wanne.

Lakini hamu yake haikuwa pazia. Alitaka kufanya kazi ng'ambo, awe mwanahabari wa picha anayejitegemea, aonyeshe watu wakiwa katika maisha yao. Wakati wa njaa ya 1984 alipiga picha foleni za mahindi ya manjano ya msaada, Kalamba na Zombe, na Oktoba 1985 wahariri wa gazeti moja la Uingereza, walioona picha tatu ambazo waliopigwa walikubali zitumwe, walimwandikia apeleke zote na aende mwenyewe. Alizunguka kwa baiskeli mwaka mzima akiwauliza waliobaki kama wanakubali, halafu hakusafiri, na watoto wakaambiwa Wazungu wamebadili nia.

Februari 1993 aliugua figo, Mutindi akaacha shule akiwa kidato cha pili ili amuuguze, na mchana wa Jumanne, tarehe 9 Agosti 1994, baba yake akafariki.

Familia ilipotafuta picha yake ya kuweka juu ya jeneza, haikupata, maana hata siku ya harusi alitega kamera ijipige yenyewe akakimbilia mahali pake, likaonekana bega tu. Ndani ya sanduku lake Mutindi alipata daftari lenye majina arobaini na moja ya waliopigwa picha kwenye foleni, arobaini yakiwa na alama ya kukubali, na la mwisho, lisilo na alama, ni Syombua. Picha ya Syombua ipo, amesimama kwenye foleni na debe tupu, Mutindi mdogo ameshika kanga yake. Mama anasema hakuulizwa kamwe, ingawa walikula pamoja kila jioni, na hajui angejibu nini. Jonah anadhani marehemu aliona haya, nyanya Mumbua anadhani aliogopa kukubaliwa, kwa sababu hapo angelazimika kuondoka. Mutindi ameyawaza yote mawili, na bado hajui aandike lipi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioteka maji wiki hii yote, na wapiga picha wenzake waliofunga studio zao leo.

Picha mnayoiona juu ya jeneza ni ile ya foleni. Mama Syombua ameiweka mwenyewe asubuhi hii, bila kuulizwa na mtu.

Kisilu wa Nzomo, pumzika sasa, kwa amani.