Ufunguo wa Kabati la Dawa

Sogeeni, wanangu, mkae hapa kitandani, na huo mlango uacheni wazi, maana muda wote huu mmenifungia hewa mkidhani mnanikinga na baridi. Nitasema mara moja tu. Pumzi ya kurudia sina.

Cherehani achukue binti yangu wa kati, ndiye anayejua pedeli inapokwama. Nyumba ni yenu wote, isiuzwe. Hayo ni mepesi.

Zito limo kwenye kabati lile.

Wewe mkubwa, fundi wangu wa kuchomelea, nitazame. Daktari aliposema ini langu limejaa mafuta akanipa dawa, wewe ndiye uliyesoma boksi. "Mama, hii ni dawa ya sukari! Wewe sukari huna. Wanataka kukuua?" Ukazifungia kabatini, ufunguo ukauvaa shingoni kwa uzi. Nikakueleza kwamba daktari amesema dawa hiyohiyo huweza kusaidia ini, ukanijibu, "Mama, wewe shona, ya dawa niachie mimi." Najua ulinipenda. Ulinibeba mgongoni hadi chooni. Lakini miguu yangu ilikuwa wewe, mlango ulikuwa wako, hata maji ya kunywa nilisubiri mkono wako, ningepitia wapi? Jirani akija unamwambia nimelala, nami humu ndani nimekodoa macho, natazama bati.

Mtaa mzima unaniita Mama Cherehani. Je, niliwahi kuzaa cherehani? Chekeni, chekeni, siku nyingi hamjacheka humu. Basi na dawa ni hivyo hivyo. Ikiitwa ya sukari, haimaanishi kwamba haijui njia nyingine.

Sisemi ningepona. Huenda ini lilikuwa limeshachoka, na daktari mwenyewe hakuniahidi kitu. Ila kitinda mimba wangu naye ameambiwa yaleyale kuhusu ini lake, na dawa zake umezifungia humohumo, juu ya zangu. Nilisikia kufuli likibana. Nikalia, ukadhani ni tumbo.

Zangu zimepita muda, zitupeni. Zake apewe. Arudi kwa daktari apimwe, aulize yote anayotaka kuuliza, na wewe kaka yake umsindikize, ukae pale usikilize, usijibu kwa niaba yake. Na ninyi wawili, nikishazikwa, asitokee wa kumnyooshea kaka yenu kidole. Nakataza. Mkimfanyia hivyo mtakuwa mmemfungia yeye sasa.

Kabati namwachia kitinda mimba. Na kabati bila ufunguo ni ubao tu.

Vua, baba. Vua huo uzi shingoni. Usinilalie kifuani ukilia, nashindwa kupumua... Mpe mdogo wako mkononi, usiuweke mezani.

Haya. Geuza polepole, binti yangu mdogo, hilo kufuli huwa linagoma.

Mungu awape afya. Awape... kusikilizana.

Limefunguka? Nimelisikia.

Mlango... uacheni hivyo hivyo.